Moto wa Kuomba

Ukifika kwenye kijiji cha watu, usiwashe moto wako. Hata kama kiberiti kiko mfukoni, hata kama mmebeba jiko la gesi la kisasa, liache ndani ya mzigo. Nenda kwenye nyumba ya mama mkubwa wa pale, simama nje, piga hodi, omba kaa la moto. Akikupa, pika. Chakula cha kwanza kikiiva, mpelekee yeye aonje. Ndipo wanafunzi wako watoe simu zao na kamba zao waanze kupima ardhi.

Naanza na hilo kwa sababu ninyi vijana hamsomi mpaka mwisho.

Mimi ni Mama Zaina wa mtaa wa Mangobo, mpishi wa terrain. Terrain, kwa asiyejua, ni pale wanafunzi wa chuo wanapoacha viti vyao Kisangani na kwenda vijijini kuona kama yale waliyofundishwa yako kweli. Nimewapikia wa misitu, wa udongo, wa samaki. Lakini zaidi nimewapikia wale wa troisième cycle, wenye diplome moja tayari na wanaotafuta nyingine kubwa kuliko hiyo, ile ya maendeleo endelevu na mipango ya mkoa. Kazi yao ni kuuliza: wapi palimwe, wapi pabaki msitu, soko likae wapi, barabara ipite wapi, na watoto ambao hawajazaliwa watakula nini. Mimi shule niliachia darasa la tatu. Lakini maswali hayo nayaelewa, maana mama mwenye nyumba ndogo na watoto wengi anajiuliza hayo hayo kila asubuhi.

Na sasa mjukuu wangu Furaha, mtoto wa binti yangu Zaina, anayo hiyo diplome. Nimesema. Nitasema tena kabla sijamaliza, na asiyependa aruke mstari.

Kazi hii nilifundishwa na Mama Antoinette, binti wa wavuvi wa kule kwenye maporomoko, mwanamke mwenye mikono kama makasia. Safari yangu ya kwanza nilikuja na sufuria mpya, zinang'aa. Akaziangalia, akaniangalia.

"Unaenda ndoa?"

Akanifundisha kupaka matope nje ya sufuria kabla ya kuiweka motoni, ili masizi yatoke kwa maji tu. Chumvi inakaa ndani ya chupa, kwenye karatasi inayeyuka mvua ya kwanza. Kuni kavu unazifunga ndani ya turubai hata kama wewe mwenyewe unalowa. Dereva anakula kabla ya profesa, kwa sababu profesa akikasirika ataandika, dereva akikasirika mtalala njiani. Usimruhusu mwanafunzi kuvaa koti la kijani la kisoldier, hata akisema ni mode ya sasa. Na usimruhusu kujipaka manukato. Kuna mmoja, nitamtaja baadaye, alijipaka chupa nzima akaingia msituni, nyuki wakamchumbia mpaka akajitupa mtoni na simu yake.

Lakini la moto ndilo alilolirudia kila safari.

"Mutu anawasha moto yake kwa udongo ya batu, amesema nini? Amesema: nimehamia. Mwenye kuomba amesema: miye mugeni, nitaondoka. Batu wanasikia ile mbele ya kusikia Kifaransa yenu."

Nikamuuliza: "Na kama wakiuzima?"

Hakucheka. "Wakizima, hauulizi. Unafunga mizigo. Unaenda."

Maisha yangu yote ya kazi niliishika sheria hiyo, na maisha yangu yote ya kazi hakuna aliyenizimia moto. Ilikuja kutokea nikiwa nimeshastaafu. Na aliyekuwa na mimi ni Furaha.

Miguu yangu ilikuwa imeanza kuvimba, nikasema inatosha. Nikakaa Mangobo, nauza sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa, mlangoni kwangu. Furaha alikuwa ameingia ile troisième cycle, na amebakiza kitu kimoja: kwenda kwenye vijiji vya upande wa Opala, kukaa na watu, kuchora nao ramani ya ardhi yao na mpango wa namna ya kuitumia, kisha kurudi kuitetea mbele ya maprofesa. Bila ramani, hakuna kutetea. Bila kutetea, miaka yake yote ya kusoma inabaki hewa, na mama yake alikuwa ameshauza cherehani kwa ajili ya miaka hiyo.

Akaja kwangu, koko yake, yaani bibi yake, akakaa kwenye kinu kilichogeuzwa.

"Koko, twende."

"Miguu yangu unaiona?"

"Naiona. Utapanda pikipiki. Miguu itaning'inia tu."

Ndiyo mjukuu wangu huyo. Tukavuka mto kwenda Lubunga kwa bac, kile kivuko cha magari, tukachukua pikipiki mbili na madereva wake, tukashika njia ya Opala: mimi, Furaha, na mwanafunzi mwenzake Héritier, yule wa nyuki. Kijiji sitakitaja jina. Watu wake ni wazima na baadhi yao watasoma hapa.

Tuliingia vizuri. Nilisimama nje ya nyumba ya Mama Bosele, mama mkubwa wa pale, mwembamba, jicho moja lina ukungu na lile jingine linaona kwa niaba ya mawili. Niliomba moto. Akaniacha nisubiri, akamaliza kumenya mihogo yake yote, kisha akanitolea kaa kwenye kigae cha chungu. Nikapika sombe kwa samaki wa kukaushwa. Akaonja.

"Chumvi iko kidogo," akasema. Halafu akamaliza sahani.

Siku zikaenda. Kila adhuhuri Mama Bosele anakuja kukaa karibu na sufuria yangu na kunisimulia ubaya wa wakwe zake. Furaha na Héritier wanazunguka mashamba na wenye mashamba.

Hapa niseme neno juu ya kupima. Zamani kupima kulionekana. Mlikuwa na mnyororo mrefu wa chuma, unapiga kelele kwenye majani, watoto wanagombania kuushika mwisho, wazee wanatembea kando wanafoka: "Hapana, mpaka iko kule!" Jioni kijiji kizima kilijua nini kimepimwa. Leo kijana anatembea na simu, anabonya, amechukua shamba la mtu amelitia mfukoni. Hakuna aliyeona kitu. Mimi nilikuwa naiogopa simu hiyo kuliko mnyororo.

Furaha alilijua hilo. Sikumfundisha mimi, alilifikiria mwenyewe. Akasema, kama simu haionekani, basi kila mahali nitakapobonya nitafunga utepe kwenye mti, ili watu wapite, waone, wabishe kama nimekosea. Wazo zuri sana. Na kwa sababu msitu ni wa kijani, alinunua utepe mwekundu, unaoonekana kutoka mbali.

Mwekundu.

Siku moja Mama Bosele hakuja. Nikasema labda mgonjwa. Nikampelekea sahani, mlango umefungwa na moshi unatoka juu ya paa. Sahani nyingine nikampa jirani. Akaipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, na baada ya muda mtoto akairudisha imejaa vile vile. Vijana, lishikeni hili: chakula kikirudi kimejaa, mwili wako uanze kuogopa kabla kichwa hakijajua kwa nini.

Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye michikichi. Nikaona wanaume wanarudi kutoka mashambani mapema, wanapita mbele yangu bila salamu, wanaingia barza, lile banda la mikutano. Panga kila mwanaume hubeba, hilo si kitu. Lakini mtu akifika barza hulisimamisha panga lake nje, kwenye nguzo. Siku ile waliingia nayo.

Kisha akaja Likenge. Kijana wa umri wa Furaha, mabega mapana, mtoto wa mdogo wake Mama Bosele. Amebeba ndoo ya maji. Akasimama juu yangu.

"Mama, miye sina maneno na wewe."

"Basi unataka nini, mutoto yangu?"

"Moto yetu tu."

Akamimina. Ndoo yote. Majivu yakaruka, yakaingia kwenye sombe yangu, usoni kwangu, mvuke ukanipiga macho. Aliweka ndoo chini taratibu, kama mtu aliyetumwa na asiyefurahia, akaenda barza na wenzake.

Nikakaa nikitazama lile tope jeusi linalochemka. Mama Antoinette alikuwa kaburini siku nyingi, lakini nilimsikia. Hauulizi. Unafunga mizigo. Nikaanza kufunga. Nikaenda kwenye pikipiki: magurudumu yote yamelala chini, pumzi imetolewa. Madereva wetu wamekaa chini ya paa la mtu, wamewekewa vijana wawili wa kuwachunga, hawanitazami. Nikasema tutakwenda kwa miguu, hata hii yangu.

Furaha na Héritier wakatokea kwenye njia, wana matope mpaka magotini, wanacheka. Nilipomuona anacheka, moyo wangu ukakatika.

"Furaha! Kamata begi. Tunaenda."

"Koko, iko nini?"

"Wamezima moto."

Akaangalia mafiga. Akaangalia pikipiki. Akaangalia barza na wanaume waliokaa na mapanga mapajani. Kicheko kilimtoka usoni kama ubao uliofutwa.

"Kwa nini?"

"Hauulizi! Unafunga mizigo! Miye nimefanya kazi hii mbele mama yako hajazaliwa, nakuambia tunaenda!"

"Koko." Akanishika mkono. "Nikienda bila kuuliza, watasema nilikuja kuiba. Na mwingine akija nyuma yangu, hata akija na dawa ya watoto, watamkata."

"Na wakikukata wewe?"

Alitembea kwenda barza. Mjukuu wangu, ambaye nilimfundisha kutembea kwenye uwanja wa Mangobo, anaingia kati ya mapanga peke yake na shati limelowa. Héritier akanitazama.

"Koko, miye nifanye nini?"

"Mufuate, mupumbavu! Na usiseme kitu!"

Nami nikafuata, nikachechemea. Kapita, mkuu wa kijiji, mzee mwenye kofia ya sufu, alikuwa amekaa mbele. Mama Bosele yuko kando yake. Wanawake huwa hawakai barza pale, lakini moto ulikuwa wa kwake, basi amekaa.

Furaha alitoa simu yake, akaiweka chini katikati ya banda, akarudi nyuma hatua.

"Papa Kapita, Mama Bosele. Moto imezimwa, nimeona. Nitaondoka mukisema niondoke. Mbele ya kuondoka, naomba kujua nimefanya kosa gani."

Mvua ikaanza kugonga paa. Likenge ndiye aliyenyanyuka. Alikuwa ameshika kipande cha utepe mwekundu, akautupa juu ya simu.

"Hii. Uko mutu ya nani? Compagnie gani ya miti?"

"Hakuna compagnie. Ni alama yangu, ili mujue nilipita wapi."

"Alama!" Banda zima likanguruma. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ya chini ndiyo iliyonitisha: "Na wale wa zamani walisema alama. Walikuja na rangi nyekundu kwa miti. Walikula hapa, walicheka na batoto yetu. Walienda. Mwaka uliofuata tukaambiwa: kila muti yenye rangi, musiguse tena. Kule ndiko baba yangu alikuwa anatega. Leo nikienda, nafukuzwa kama mwizi."

"Na jana," Likenge akasema, "umefunga hii kwa michikichi ya kijiji ya zamani."

Hapo nikaelewa, na nadhani Furaha alielewa wakati ule ule. Kijiji cha zamani ni mahali babu zao walipokaa kabla ya kuhamishwa kuja barabarani. Nyumba hakuna tena, imebaki michikichi waliyopanda, na chini ya michikichi wako wenyewe, wamelala.

Furaha hakujitetea. Nilitegemea atasema yale ya shule, endelevu, shirikishi, maneno marefu. Alisema: "Sikujua. Mungeniambia nisingefunga. Na miye ningepaswa kuuliza mbele ya kufunga." Kisha akamgeukia Likenge. "Twende. Wewe unafungua, miye nakuonyesha yote iko wapi. Sasa hivi."

"Kwa hii mvua?"

"Unaogopa mvua?"

Mtu mmoja nyuma akatoa kicheko kifupi, akakimeza. Likenge akakaza taya. Akachukua panga lake. Wanaume wengine wakanyanyuka, wakachukua yao. Kapita akamwonyesha Héritier kwa kidole.

"Huyu anabaki."

Wakaenda. Nilimwona Furaha akiingia kwenye ile mvua na wanaume wale wenye mapanga, mbele yake Likenge, nyuma yake wengine, kisha majani yakafunga.

Vijana, mimi nimeona pirogue ikipinduka mtoni na watu wake. Nimekaa kwenye mji huu wakati risasi zinapita juu ya mabati. Sijawahi kukaa kama nilivyokaa pale. Niliketi kando ya mafiga yaliyozimwa na sufuria ya sombe yenye majivu, nikawa natoa majivu kwa kijiko, kidogo kidogo, naweka kando, natoa tena, kazi ya upumbavu, lakini mikono ilihitaji kazi. Nilikuwa natengeneza maneno nitakayomwambia Zaina. Kila neno nililolitengeneza lilianza na "mimi ndiye nilikuwa naye", na hapo linakufa.

Héritier pale barza alijaribu. Nilimsikia: "Papa Kapita, mukinichinja, tafadhali mutume mutu mwingine akamuambie mama yangu. Yeye ni mukali kuliko ninyi." Hakuna aliyecheka.

Mama Bosele alikaa mlangoni kwake akinitazama kwa lile jicho lake moja. Mimi nikamtazama.

Walirudi mvua ikipungua. Likenge mbele, amebeba tepe zile zote nyekundu zimelowa, zinaning'inia mkononi kama matumbo. Nyuma yake Furaha, kiatu kimoja kimebaki kwenye tope, anachechemea. Mzima.

Akaingia barza, akaiokota simu yake pale chini. Akamwita Kapita asogee, na Likenge, na yule mzee wa mitego. Akawaonyesha mahali ramani ilipo, vidoti vyote, kazi ya siku zote tulizokaa.

"Hii ni kijiji ya zamani. Naifuta." Akabonya. "Na hii ingine yote, naifuta pia. Kwa sababu nilipima bila miye kujua ubaya wa nyekundu kwenu. Mukitaka, nitarudi kiangazi, tutaanza upya. Likenge ndiye atashika simu. Akikataa, haibonywi."

Héritier akashika kichwa. Mimi niliona vidoti vinapotea, na katika kila kidoti cherehani ya Zaina.

Wanaume wakanong'ona. Kapita akamgeukia Mama Bosele. Yeye akachukua muda wake, kama siku ile ya mihogo.

"Kazi mutafanya, kiangazi," akasema. "Moto, hapana."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kiangazi tulirudi. Likenge alishika simu, alibishana kila kona ya kila shamba, alikuwa mkali kuliko profesa yeyote. Walimwambia Furaha soko wanalitaka wapi, mashamba ya kahawa ya zamani wayafufue wapi, msitu wa nyama na viwavi ubaki wapi usiguswe. Walikuwa na mawazo, naye alikuwa na masomo, wakapigana kwa maneno mpaka wakaelewana. Lakini hakuna aliyetupa kaa. Tulikula kwanga baridi, ile mikate ya mihogo, ndizi mbivu, sardini za kopo. Mimi, mpishi, nimekaa kijijini na sufuria zimefungwa! Héritier alikonda mpaka suruali yake ikahitaji kamba. Mama Bosele alikuja adhuhuri, akakaa, akasimulia wakwe zake, akarudi kwake kupika. Harufu ya mawese ikatufikia. Ilikuwa adhabu nzuri, sijawahi kuona nyingine iliyopangwa vizuri hivyo.

Sasa nije kwenye siku ya kutetea.

Chumba kimejaa. Nimevaa liputa mpya ya kitenge, Zaina yuko kushoto kwangu, Héritier kulia ananitafsiria, maana Kifaransa cha mle ndani ni kile cha miguu mirefu. Furaha mbele, ramani yake ukutani. Kijani, njano, buluu, nzuri kama kitambaa cha sikukuu. Na katikati yake, pale penye kijiji cha zamani, pahali peupe. Chini ameandika: hapa wenyeji hawajasema.

Nikageuka kutazama watu, nione wanavyomshangaa mjukuu wangu. Kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango nikamwona Likenge. Koti la kuazima, mikono magotini. Hakuja kupiga makofi. Kijiji kilimtuma kusikiliza.

Profesa mmoja, mwenye miwani, hakuwa mtu mbaya, alianza kuuliza taratibu.

"Anasema kazi ni nzuri," Héritier akaninong'oneza. "Anasema... lakini hiyo tundu ni ya nini."

Furaha akajibu.

"Anasema ramani yenye tundu ni hatari kwa wale wale Furaha anataka kulinda. Pahali peupe, mwenye nguvu atakuja kuandika jina yake. Afazali iandikwe leo kwamba ni ya kijiji."

Na alikuwa na haki. Mimi mwenyewe, ningekuwa na diplome, ningeuliza hilo.

"Furaha anasema: Professeur, ni kweli. Niliwaambia wao vile vile. Walisikia, wakakataa. Ardhi ni yao, na kunyamaza ni yao pia."

Profesa akavua miwani.

"Anasema... Koko, anasema jury, wao maprofesa, haitatangaza. Atoe tu vipimo vya pale, vikae kwenye karatasi za nyuma, kwa wao wenyewe. Anasema bila hiyo anaweza kumurudisha terrain."

Zaina akanibana mkono mpaka pete ikaniumiza. Kumrudisha terrain ni mwaka mwingine, na hatukuwa na mwaka mwingine. Nilimtazama Furaha. Nilitaka apaze sauti aseme ndiyo. Nasema ukweli, nilitaka. Kisha nikamtazama Likenge pale mlangoni. Kifaransa hakijui sana, lakini alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti.

Furaha akasema neno moja fupi. Hilo sikuhitaji Héritier.

"Nilifuta."

"Yote?" profesa akauliza, Héritier akatafsiri.

"Ya pale, yote. Na kama ningekuwa nayo, nisingetoa."

Likenge akasimama. Kiti chake kikapiga kelele, watu wakageuka. Akatoka, bila kutazama yeyote. Matokeo hakusubiri.

Wakatutoa nje wakajifungia. Zaina anasali, Héritier anatembea huku na huku, Furaha ameegemea ukuta kama mtu anayeushikilia usianguke. Walipotuita wakasema: amepita. Ile mention kubwa, sifa ya juu kabisa, walimnyima, kwa ajili ya lile tundu. Wabaki nayo. Mjukuu wangu ana diplome ya troisième cycle, nimesema tena kama nilivyoahidi. Na yule profesa alikuja kwenye sufuria yangu nje, akala lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki.

"Mama," akasema kwa Kiswahili, "nilipashwa kuuliza ile."

"Na miye nilipashwa kukupa kichwa ya samaki," nikamwambia. "Kula."

Lakini Furaha hakula. Alikuwa anatazama barabara aliyopita Likenge.

"Koko, alielewa nini? Atasema nini kule?"

Ilibidi turudi, maana mwenye kuchora ramani na watu huwarudishia ramani yao. Tukavuka tena kwenda Lubunga, tukapanda pikipiki, ramani imekunjwa ndani ya bomba la plastiki mgongoni kwa Furaha. Héritier alikuwa amebeba sardini.

Kabla ya nyumba ya kwanza, pale njia inapopinda, dereva wangu akafunga breki. Mtu amesimama katikati ya barabara. Mwembamba, amekunja khanga kiunoni. Kigae kiko mikononi, juu yake kaa jekundu linavuta pumzi, na majani ya mgomba chini lisimchome.

Nikashuka na miguu yangu hii.

"Umechelewa," Mama Bosele akasema. "Likenge ametuambia: hakutoa. Inazimika."

Miaka yote nimesimama nje ya milango ya watu. Siku ile sikuomba. Nililipokea, nikapuliza, nikatembea nalo kijijini.